Kumhamisha mzazi kutoka Norvasc kwenda amlodipini ya kawaida

Norvasc, dawa ya presha unayomtumia mama Lindi ukiwa Muscat au London, ni amlodipini, na amlodipini inapatikana famasi za Lindi na Mtwara kwa bei nafuu zaidi. Dawa ni ileile, kampuni tu ndiyo tofauti. Hata hivyo, usimwambie anunue "ya presha" na kukata simu.

Piga picha boksi, upande unaoonyesha kiambato na miligramu, umpe daktari wake wa hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) aandike cheti kipya kwa jina la kiambato. Dawa nyingine za presha ni vivyo hivyo: Cozaar itaandikwa losartani, Zestril lisinoprili. Miligramu 5 hubaki 5, isipokuwa Coversyl: perindoprili arginini miligramu 5 ni sawa na perindoprili erbumini miligramu 4, kwa hiyo mzazi hajapunjwa. Nifedipini ya kutoka taratibu, yaani kidonge kinachoachia dawa mwilini polepole, ibadilishwe kwa ya kutoka taratibu pia, na kidonge kisikatwe wala kusagwa. Ile ya haraka huweza kushusha presha ghafla.

Kinachotuumiza sana ni mzazi kumeza zote mbili. Rangi na majina yametofautiana, naye anaamini ameongezewa dawa. Presha inashuka mno, akiinuka anapata kizunguzungu, pengine anaanguka. Basi Norvasc ya mwisho imezwe leo, amlodipini ianze kesho saa ileile, na aliyeko nyumbani aondoe zilizobaki siku hiyohiyo. Mwombe mwenye famasi awape ya kiwanda kilekile kila mara.

Wiki moja kabla ya kubadili, apimwe asubuhi na jioni, asubuhi kabla ya kumeza dawa: akae dakika 5 ameegemea, mkono usawa wa moyo, vipimo viwili kwa kupishana dakika moja. Amlodipini hutulia mwilini baada ya siku 7 hadi 8, kwa hiyo rudieni wiki ya pili. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, au miguu ikivimba, apigiwe daktari. Asijiongezee kidonge. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, pumzi inambana au upande mmoja wa mwili umelegea, aende hospitali saa hiyohiyo.

Awe na akiba ya mwezi mzima. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika. Vidonge vikae kwenye karatasi zake, ndani ya kabati kavu, mbali na bati na jiko.