Umepata admisheni mbili tatu za masta Marekani? Piga hesabu kabla hujakubali

Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne majibu ya shule yanaingia na simu nazo zinaanza, kaka nimepata sehemu mbili nichague ipi, dada hii ina jina kubwa lakini hawajanipa hela. Mimi huwa nauliza kwanza vitu viwili, makaratasi yako yakoje na nani analipa. Jina la shule tutalifikia.

Makaratasi ndiyo yanayoamua bei. Kama una grinikadi, au ni raia, au uliingia kama mkimbizi au ukapewa asailamu (hifadhi), unajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na unapata mkopo wa serikali kama wenzako. Ila sheria imebadilika, kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026 ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo lote haupo tena, na masta za kawaida zimewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kwa hiyo shule ikikuandikia ada ya 60,000 kwa mwaka jua hilo pengo utakwenda kulitafuta benki, kwa riba ya benki. Na hapo ndipo chuo cha jimbo unaloishi kinakuwa na thamani sana maana majimbo mengi ukishakaa mwaka mzima na ushahidi unao (leseni ya gari, kodi umelipa pale) unalipa ada ya wenyeji, na tofauti yake na ya wageni si ya kupuuza hata kidogo.

Kama uko F-1, yaani viza ya mwanafunzi, mkopo wa serikali hupati. Unabaki na benki zinazotaka mdhamini mwenye makaratasi, au kampuni zinazokopesha bila mdhamini ambazo riba yake mara nyingi inavuka asilimia 10, na jamani mkopo wa hivyo kwa masta ya mwaka mmoja unaweza kukukaba miaka na miaka huku mama nyumbani anasubiri, mdogo wako anadaiwa ada, na harambee za chama hazijakusamehe. Hela unazotuma nyumbani ziweke kwenye bajeti toka mwanzo, zina uzito kama pango. Hela ya uhakika kwa mtu wa F-1 ni ya idara yenyewe: unafundisha wanafunzi wa digrii ya kwanza au unafanya utafiti chini ya profesa, wanakusamehe ada na kukupa posho, sehemu nyingi na bima juu. Hizo ziko zaidi kwenye PhD. Watu wetu wengi wanaiogopa PhD wanaona ni ndefu, na kweli ni miaka mitano au zaidi, lakini kwa sayansi na uhandisi hebu zilinganishe vizuri, mmoja analipwa asome na mwingine analipa.

Sasa jina. Jina lina kazi yake, sitakudanganya. Ukitaka sheria kwenye makampuni makubwa, ushauri wa biashara, benki za uwekezaji za New York, au uje uwe profesa, hapo wanaajiri kwa kuangalia umetoka wapi. Lakini nesi, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, mhasibu, mwalimu, hawa wanaajiriwa kwa leseni, na leseni inadai programu iwe na ithibati. Angalia imethibitishwa na nani: ustawi wa jamii tafuta CSWE, unesi CCNE au ACEN, afya ya jamii CEPH. Shule yenye jina la kutamba kwenye grupu la WhatsApp la ukoo lakini programu yenyewe haina ithibati, achana nayo. Na wale mnaofanya CNA (usaidizi wa nesi) au kazi nyingine hospitalini ulizeni HR, mwajiri anaweza kukulipia masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila hiyo hela kukatwa kodi, wengi wanayo hiyo benefiti na haiombwi.

Kuhusu kazi baadaye, mtu wa F-1 aangalie I-20 yake, ile fomu ya chuo ya kuombea viza, kabla hajasaini chochote. OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ukishamaliza, ni miezi 12, ila fani ikiwa imesajiliwa kama STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) unaongezewa 24, jumla inakuwa miaka mitatu. Kinachoamua ni namba ya CIP, namba ya serikali ya kutambulisha fani, jina la kozi peke yake halitoshi, unakuta uchumi wa chuo hiki ni STEM na wa chuo cha jirani sio, kwa hiyo waandikie wakutajie namba. Kingine, kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi, kuna nafasi 20,000 za ziada kwa wenye masta za Marekani, lakini ni masta za vyuo vya umma au visivyo vya faida na vyenye ithibati, hivi vyuo vya kutafuta faida vinavyokupigia simu kila siku havimo. Masta za mtandaoni nazo zipo nzuri, ya kompyuta ya Georgia Tech iliyoanza 2014 unaimaliza kwa chini ya dola 10,000, inamfaa sana mwenye grinikadi na kazi yake, ila haimpi mtu I-20.

Usiamini takwimu za kwenye brosha. Ingia College Scorecard ya wizara ya elimu, bure kabisa, kwa programu nyingi unaona waliomaliza wanalipwa kiasi gani na wanadaiwa kiasi gani. Halafu tafuta LinkedIn waliomaliza idara hiyo hiyo, hasa waliokuja kwa viza kama wewe, uone wako wapi leo. Kipimo changu ni hiki: deni lote likizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, mimi ningekataa hiyo admisheni hata iwe shule gani. Na kama mpango ni kurudi, ulizia tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, mapema kama wanaitambua hiyo digrii.

Mwisho usikubali kukimbizwa. Vyuo vingi vimesaini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili kwamba ukipewa ofa yenye ufadhili una mpaka Aprili 15 kujibu. Tumia hizo wiki, waandikie wale wenye jina kubwa uwaambie fulani wamenipa kiasi hiki, mnaweza kuongeza? Kuuliza kwa heshima hakukunyang'anyi nafasi, na wakikuongezea hakikisha wameandika kwenye barua, kiasi, na kwa miaka mingapi.