Kupima maji ya kijito kwa chungwa na saa ya simu

Wakuu habari, nilisema ntaleta somo la kupima vijito vyetu huku Moshi, maana kila kiangazi ni ugomvi wa mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia), wa chini anasema wa juu kafunga maji, wa juu anasema maji yenyewe hamna, na hakuna mwenye namba.

Tafuta kipande kimenyooka, kisicho na mawe makubwa. Pima mita 10, gonga kigingi huku na huku. Tupia chungwa juu kidogo ya kigingi cha kwanza, likifika hapo washa saa, likifika kigingi cha pili zima. Usitumie kijiti, chungwa linazama karibu lote kwahiyo upepo haulisukumi. Rudia mara tano, likinasa kwenye majani hiyo usihesabu. Alafu pima upana, na kina sehemu kama tano toka ukingo hadi ukingo, tafuta wastani.

Mfano wangu wa juzi: sekunde 25, upana mita 1.2, kina 0.15. 10 gawa kwa 25 ni 0.4, zidisha 0.85 sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, unapata 0.34. Zidisha upana na kina inakuja mita za ujazo 0.061, yani lita 61 kwa sekunde. Mi mara ya kwanza nilisahau hiyo 0.85 nikaenda kikaoni na maji ambayo hayapo 😂

Usafi sasa. Geuza mawe uangalie chini yake, ukikuta vidudu vyenye mikia mitatu maji bado mazima, ukikuta viminyoo vyekundu tu basi kuna uchafu unaingia huko juu. Pima saa ileile kila wiki, na kama usiku mvua ilinyesha andika.

MASWALI

Changu kidogo mno, chungwa linakwama chini.
– Ziba na udongo, pitisha maji kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 8 ni lita 2 na nusu kwa sekunde.

Niko Usa River, maji meupe na hivyo vidudu vipo, tunaweza kunywa?
– Hapana dada. Vidudu havikwambii kuhusu vijidudu vya kuharisha, na huko kwenu kuna floridi, madini ya miamba ya Mlima Meru, haionekani wala kuchemsha hakuitoi, tena ukichemsha sana maji yanapungua yenyewe inabaki. Peleka maabara, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Masika je, naingiaje?
– Huingii kaka. Simika mti wenye alama za sentimita wakati wa kiangazi, masika unasoma kimo cha maji ukiwa ukingoni. Wangu ulishasombwa mara mbili, safari hii nimeufunga kwenye nguzo ya daraja.