Kano ya kisigino inauma? Inua visigino, usilale

Shemeji alikuja kwangu anachechemea. Alikuwa akijiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, akatoka siku mbili za mazoezi kwa wiki hadi tano kwa mkupuo mmoja. Akiamka, hatua za kwanza ni kilio. Akishapata joto maumivu yanapoa. Nilimwandikia hivi:

1. Kukimbia punguza nusu, vilima acha kabisa. Usilale tu. Kano isiyobebeshwa mzigo huzidi kuwa dhaifu.

2. Tafuta panapouma. Hapa mimi nilipoteza miezi minne, kwa hiyo soma polepole. Bana kano kwa vidole viwili, ukishuka kutoka kwenye kigimbi. Pakiuma katikati, sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, kwenye zoezi la namba 3 unaruhusiwa kushusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi. Pakiuma pale kano inapojishika kwenye mfupa, USISHUSHE. Zoezi fanyia sakafuni. Kisigino kikishuka sana, kano hubanwa dhidi ya mfupa. Yangu ilikuwa hiyo ya chini, nami kila asubuhi nashusha, kisha nasukuma ukuta kujinyoosha, nikidhani maumivu ni dawa inaingia! Kama huna hakika, anzia sakafuni. Na kama ulisikia "pa!" kama umepigwa teke kwa nyuma na sasa huwezi kusimama kwa vidole, achana na mwongozo huu, nenda hospitali leo. Mwambie daktari pia kama umemeza ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, karibuni. Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru kano.

3. Simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, au sakafuni. Inua visigino kwa miguu yote miwili, shuka kwa mguu mbovu. Daktari Msweden Håkan Alfredson aliandika mwaka 1998 kuhusu mpango wa seti 3 za mara 15, goti limenyooka, kisha tena goti limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Unafanya kazi, lakini unachosha. Mimi napendelea siku moja ndiyo, moja hapana, begi la mgongoni lina kilo tano za mchele, sekunde tatu kupanda, tatu kushuka.

4. Maumivu ya 4 kati ya 10 vumilia, mradi kesho asubuhi hayajazidi. Yakizidi, toa mchele kidogo.

5. Barafu na dawa ya kuchua hutuliza tu. Wachuaji wa kukandamiza kwa kidole gumba siwataki.

Shemeji yuko wiki ya tano. Mchele umefika kilo nane, na mama mwenye nyumba anauliza kwa nini haupikwi wali.