Kumfundisha mtoto mdogo kusoma ramani ya kontua

Wengi wanaanza kwa kumtandikia mtoto ramani mezani na kumwambia huu mstari wa kahawia ni kontua, unaunganisha sehemu zenye kimo sawa kutoka usawa wa bahari, mtoto anaitikia ndio ndio na hajaona kitu. Mi naomba ramani ikae pembeni kwanza, mtoto aone mlima ukigeuka mistari mikononi mwake mwenyewe.

Tafuta plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto (udongo wa kawaida unayeyuka kwenye maji), aumbe mlima, upande mmoja uwe wima kama ukuta na mwingine ulale taratibu, hii usiiruke maana ndo somo lenyewe. Ugandishe ndani ya beseni, chini kabisa, simamisha rula, mimina maji hadi sentimita 1 kisha achore kwa kijiti cha meno kuzunguka mlima pale pale maji yanapogusa. Ongeza sentimita nyingine, achore tena, hivo hivo mpaka kilele kizame. Usimharakishe na usimshikie kijiti! Ukimwaga maji asimame aangalie kutoka juu kabisa, achore anachokiona kwenye karatasi. Ataona upande wa ukuta mistari imebanana na ule mwingine imeachana, sasa muulize kwa nini halafu unyamaze, hata akikaa muda mrefu we subiri tu, akishasema mwenyewe "hapa panapanda ghafla" hatasahau.

Plastisini hakuna? Akunje ngumi, umchoree viduara kwa peni kuzunguka vifundo vya vidole, akinyoosha mkono mlima unakuwa bapa.

Sasa leta ramani yenyewe. Skeli ya 1:50,000 inafaa, sentimita 2 ni kilomita 1 kwenye ardhi. Mwambie mapema kabisa kwamba kontua sio njia, haipo chini ukienda kuitafuta, maana watoto wengi wanazifuata kwa kidole wakidhani ni barabara. Rangi wanazidaka haraka, bluu maji, kijani mimea. Namba ziache mwisho, kwanza atafute kiduara kidogo kabisa cha ndani, mara nyingi hicho ni kilele, ila kikiwa na vijistari vifupi vinavyotazama ndani hapo ni shimo.

Mto nao wanaupenda sana: kontua ikikatiza mto inajikunja kama V na ncha yake inaangalia mto unakotoka, kwa hiyo mtoto anaweza kukuambia maji yanaenda wapi bila kusoma hata namba moja.

Kwa maoni yangu kontua zinaingia vizuri kuanzia miaka 6 au 7, mdogo zaidi aishie kuchora vitu vya chumbani kama vinavyoonekana kutoka juu. Akishazoea mtoke nje mkiwa na ramani ya eneo lenu, izungusheni mpaka ilingane na mnachokiona mbele, na kabla hamjapanda kilima chochote achague yeye upande usiochosha, halafu mpande huo huo aliouchagua.