Kumchora Shangazi na Kikombe Chake

Ukitaka kuchora sura ya mtu, usimwambie "kaa nikuchore." Atakauka kama anapigwa picha ya pasipoti. Mie shangazi nilimchora nyumbani, Mji wa Kale, saa kumi alasiri akinywa kahawa tungu. Funzo lenyewe nimelipata kwa Sarah Purser, mchoraji wa Ireland.

Alizaliwa 1848 Kingstown, karibu na Dublin. Biashara ya babake ilipoanguka, akashika brashi imlishe. Alisoma Paris, shule ya sanaa ya Académie Julian, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akachora Le Petit Déjeuner. Itafute kwenye simu kabla hujagusa rangi: mwanamke yuko mezani, kiamshakinywa mbele yake, mawazo yako mbali. Hakuwekwa apendeze.

Basi mpe mtu wako kitu cha mikononi. Mkalishe ubavu kwa dirisha. Jua la kwetu likimpiga usoni moja kwa moja, mashavu yanapotea. Anza na makaa, maumbo makubwa tu: kichwa, bega, kikombe. Macho yangoje.

Kazi ni buibui alilovaa shangazi. Nilipoteza siku mbili na rangi nyeusi ya tyubu, ikawa shimo katikati ya picha. Changanya buluu nzito na kahawia. Mkunjo ulio karibu na dirisha uzidishe buluu, wa kivulini uzidishe kahawia, na kitambaa kitaanza kuanguka kama kitambaa. Kisha tazama chini ya kidevu: weupe wa kikombe ulikuwa umepanda pale, mstari mwembamba, nusura nisiuone. Huo ndio uliomtoa shangazi.

Bei kubalianeni mapema. Mteja mmoja alichukua picha yangu akaahidi kesho. Sasa nataka nusu kabla sijafungua rangi. Purser hakuona haya kuchora kwa malipo, na pesa zake akanunua hisa za kampuni ya bia ya Guinness. Mwaka 1903 alianzisha An Túr Gloine, karakana ya vioo vya rangi iliyowapa wasanii wa Ireland kazi kwao, wanawake wengi wakiwemo. Mwaka 1924, ameshapita miaka 70, ndipo Royal Hibernian Academy, chama cha wasanii wa Ireland, ilipompa uanachama kamili, mwanamke wa kwanza. Walichelewa mno.

Ikishakauka, nyuma ya turubai andika jina la aliyechorwa, mtaa na mwaka. Lako weka mbele, lisomeke.