Mvua ya Kwanza Isikutoe Mbio: Mabadiliko ya Tabianchi kwa Mkulima wa Tabora

Mwaka mmoja nilipanda ekari mbili za mahindi kwa mvua moja tu. Ilinyesha usiku kucha mwanzoni mwa Novemba, na harufu ya udongo ikanitoa nyumbani alfajiri, jembe begani. Mahindi yakaota vizuri, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo. Miche ikajisokota ikakauka, na mbegu zilizobaki ardhini wakazifukua kwale. Nikanunua mbegu mara ya pili, safari hii kwa mkopo.

Wengi huku husema mvua imeharibika. Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa. Hali ya hewa ni mvua au jua la leo. Tabianchi ni mwenendo wake kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mwaka mmoja mbaya si mabadiliko ya tabianchi. Mwenendo mzima ukihama, hapo ndipo penye neno.

Jua hupasha ardhi, nayo ardhi hurudisha joto juu. Hewa ya ukaa na gesi nyingine angani huzuia sehemu ya joto hilo lisitoroke, kama blanketi. Bila blanketi hilo dunia ingekuwa barafu. Shida ni kwamba tunazidi kulinenepesha. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takribani 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, halafu misitu inayofyekwa. Mkulima wa Sikonge mwenye baiskeli hana mchango wa maana humo, lakini hasara inamfikia shambani kwake.

Inamfikiaje? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kwa hiyo hunyonya unyevu wa udongo haraka, na siku ikiamua kuumwaga, huumwaga kwa kishindo. Ndiyo maana msimu mmoja unaweza kukupa ukame na mafuriko.

Sisi Tabora tuna msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na udongo mwingi ni kichanga kisichotunza maji. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ila usipande kwa redio peke yake. Baada ya mvua chimba shimo la futi moja. Chukua udongo wa chini kabisa, ufinyange kiganjani. Ukishikana kidogo, panda. Ukimwagika kati ya vidole kama unga, rudi nyumbani hata kama jirani anakucheka.

Shamba lote usilipande siku moja. Ligawe, upishanishe kwa siku kumi hivi, na sehemu moja iwe ya mbegu inayokomaa mapema. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele. Ukipishanisha, kiangazi cha Februari hakitayakuta yote katika hatua hiyo.

Matuta nayo yafungwe. Kati ya tuta na tuta, kila hatua mbili, weka kizuizi cha udongo kilicho chini kidogo ya tuta ili maji yakizidi yapite juu yake bila kulibomoa. Kazi inachosha mgongo, sikudanganyi. Lakini mvua ya kishindo ikija, maji yatatuama na kuzama badala ya kukimbilia mbugani na mbolea yako. Mabua usiyachome, yatandaze.

Nanyi wakulima wa tumbaku, kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, ni miombo hiyohiyo inayotunza hewa ya ukaa na nyuki wetu. Panda miti yako ya kuni, na uzibe nyufa za bani zinazovujisha moto.

Marando ya viazi yatunze bondeni penye unyevu. Mahindi yakigoma Januari, bado utawahi kupanda marando hayo ukapata michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa.