Kuchagua mikono ya mbele ya kwodi ya michezo: anza na shokapu

Kijana mmoja aliingia gereji yetu hapa Bidiya, Oman, amebeba sanduku begani. "Shikamoo, fundi. Nimeleta mikono ya mbele, ya ziada tatu (+3). Nifungie leo, Ijumaa tunapanda mchanga."

Kwodi yake, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ilikuwa Yamaha Raptor 700, na shokapu (vifyonza mshtuko) zilikuwa zile zile za kiwandani. Nilichukua futi, nikapima mbele yake, nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Mikono ilikuwa mizuri, imechomelewa vizuri, lakini kwa kwodi ile na shokapu zile haikufaa. Pesa ilikuwa imeshatoka. Iliniuma, kwa sababu vipimo vya robo saa vingemwokoa. Basi nawaandikia hatua ninazofuata mwenyewe kabla ya kumruhusu mteja alipe.

Tuelewane kwanza kwa majina. Mkono ni ile fremu yenye umbo la herufi A inayoshika gurudumu na chesi (kiunzi cha kwodi). Kila upande kuna miwili, wa juu na wa chini. Mafundi wengine huita wishiboni, ni kitu hicho hicho. Sasa ukiona mkono umeandikwa +2+1, namba ya kwanza ni inchi zinazoongezeka kwa nje, na ni kwa kila upande. Hapo ndipo watu huteleza: +2 ni inchi 4 kwa kwodi nzima, takriban milimita 102. Namba ya pili ni inchi ambazo gurudumu linasogea mbele.

Hatua ya 1: Unapanda wapi?

Kwenye matuta ya mchanga, upana unakusaidia pale unapokata tuta kwa ubavu na kwodi inataka kulala. Kwenye njia za mawe na miti, upana huo huo unakuwa adui, kwani magurudumu yanagonga kila kitu. Mbio za motokrosi zina kanuni zake. Marekani kwodi za mbio hizo hujengwa kwenye upana wa karibu inchi 50, kwa hiyo soma kanuni za mashindano yako kabla ya kuagiza.

Hatua ya 2: Pima upana ulionao

Weka kwodi kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa matairi yote mawili ya mbele uwe sawasawa, usukani unyooke. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa lingine, kwenye usawa wa ekseli.

Raptor 700 hutoka kiwandani na upana wa takriban milimita 1170. YFZ450R, kwodi nyingine ya Yamaha, ni pana zaidi, takriban 1240. Ukiifunga Raptor mikono ya +2 unafika kama 1270, yaani inchi 50. Mikono ya +2 kwenye YFZ450R itakupeleka karibu 1340, na hapo usukani unakuwa mzito na kwodi haitaki kupinda. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu anayeniuliza "mkono upi ni bora" bila kujua anapanda kwodi gani. Yule kijana wa +3 angefika 1320 na ushei.

Hakikisha pia mfano wenyewe. Mikono ya Raptor 660 haiingii kwenye Raptor 700, na ya YFZ450 ya zamani haiingii kwenye YFZ450R iliyotoka 2009. Majina yanafanana, lakini chesi ni tofauti.

Hatua ya 3: Shokapu. Hapa usikimbie

Mkono ni wenzo. Ncha moja imefungwa kwenye chesi, ncha nyingine inabeba gurudumu, na shokapu imesimama katikati. Ukirefusha wenzo bila kusogeza shokapu, gurudumu linapata nguvu zaidi juu ya springi. Springi ni ile ile, lakini kwodi inakuwa laini.

Fanya hesabu. Tuseme kutoka bolti ya chesi hadi boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye ncha ya mkono) ya mkono wa chini ni milimita 350, na shokapu imefungwa milimita 200 kutoka bolti hiyo. (Pima yako, usichukue hizi.) Gawanya 200 kwa 350, unapata 0.571. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: 0.327. Hiyo ndiyo sehemu ya ugumu wa springi inayofika kwenye gurudumu, ukiacha pembeni mlalo wa shokapu.

Sasa ongeza inchi 3, yaani milimita 76. Mkono ni 426. 200 kwa 426 ni 0.469, na ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.220. Linganisha 0.220 na 0.327: umebaki na asilimia 67 tu ya ugumu wa mwanzo. Kwa +2 ungebaki na kama asilimia 76. Hii ndiyo karatasi niliyomwonyesha kijana. Akanyamaza, kisha akauliza, "Si tutakaza springi tu?"

Wengi hufikiri hivyo, na si kweli. Kukaza ile pete ya juu ya springi kunainua kimo cha kwodi, hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Utainuka ukiwa umesimama, lakini ukitua kutoka kwenye tuta shokapu itafika mwisho wake na kugonga kama kawaida.

Kwa hiyo una njia tatu. Ya kwanza ni kununua mkono ambao mtengenezaji amesogeza nje mahali pa kufungia shokapu kulingana na urefu ulioongezwa. Ya pili ni kubadilisha springi ziwe ngumu zaidi, na vali za shokapu zirekebishwe ziendane nazo. Ya tatu ni kununua mikono na shokapu zilizotengenezwa pamoja. Ya tatu ni ghali, lakini kama unaruka matuta kila wiki, ndiyo ninayokushauri.

Kuna mikono ya mwendo wa kawaida na ya mwendo mrefu. Ile ya mwendo mrefu inataka shokapu zake maalumu, ndefu kuliko za kiwandani, na hazibadilishani. Muulize muuzaji swali moja: mkono huu umekusudiwa shokapu ya urefu gani, jicho hadi jicho, yaani kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini? Asipoweza kukujibu kwa milimita, usinunue kwake.

Hatua ya 4: Namba ya pili

+1 mbele inarefusha kwodi kwa milimita 25. Kwenye kasi inatulia, na ukishuka bonde la mchanga pua haizami haraka. Kona fupi zinakuwa nzito kidogo. Kwa mchanga naipenda, kwa njia nyembamba naiacha.

Hatua ya 5: Boljointi na bushi

Tafuta mkono wa juu wenye boljointi ya uzi, ili uweze kurekebisha kemba, yaani jinsi gurudumu linavyoinamia ndani au nje. Ukiizungusha kuitoa nje, uzi uliobaki ndani usipungue mara moja na nusu ya unene wa bolti yenyewe. Boljointi ikishikiliwa na uzi kidogo itang'oka siku ambayo hukuitegemea.

Bushi ni zile silinda ndogo ambazo mkono huzungukia kwenye bolti za chesi, na zinazopokea grisi ndizo za kununua kwa sisi tunaopanda mchanga. Vumbi la hapa ni laini kama unga, linaingia popote. Kila nipple (chuchu ya kuingizia grisi) ifikike kwa pampu ya grisi mkono ukiwa umeshafungwa. Nimewahi kuona nipple iliyoelekea kwenye chesi, haiguswi mpaka ufungue bolti. Hiyo haitapakwa grisi hata mara moja.

Hatua ya 6: Chuma na uchomeleaji

Mikono mizuri mingi ni ya bomba la kromoli (chuma chenye kromi na molibdeni), namba 4130. Ipo ya aluminiamu pia, lakini kwa mtu anayefanya kazi zake mbali na gereji napendelea kromoli. Ikipata kipigo hupinda ukaiona, ukarudi polepole nyumbani. Angalia mshono: mawimbi yake yawe sawasawa, na pembeni mwa mshono bomba lisiwe limechimbika. Rangi nene sana kwenye viungo inanipa wasiwasi, kwani inaweza kuwa inaficha kitu.

Usimpe fundi wa geti la nyumba akutengenezee kwa bomba la kawaida. Nasema hivi kwa heshima kwa mafundi wa mageti, kazi yao ni nyingine.

Mikono iliyotumika inaweza kuwa bei nzuri. Chukua chuma kilichonyooka chenye unene wa bolti, kipitishe kwenye matundu yote mawili ya upande wa chesi. Kikipita bila kusukumwa, mkono haujapinda hapo. Kikikwama kwenye tundu la pili, urudishe. Na kabla ya yote angalia masikio ya chesi unakofunga mikono. Yakiwa na ufa, mkono mgumu zaidi utayang'oa.

Hatua ya 7: Vitu vinavyofuatana na mkono

Mkono wa +2 unahitaji tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) ndefu kwa inchi 2 kila upande. Paipu za breki za mbele nazo lazima ziwe ndefu zaidi. Hizi ziweke kwenye bajeti siku ile ile.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifunga +2 nikaona paipu ya zamani inafika. Usukani ulikuwa umenyooka, kila kitu kikaonekana sawa. Kwa bahati njema nilikuwa sijafunga springi. Nikaweka jeki chini ya habu (kitovu cha gurudumu) nikaishusha mpaka mkono ukaning'inia chini kabisa, kisha nikakata usukani mpaka mwisho. Paipu ikavutika, ikawa nyembamba na kunyooka kama kamba ya nguo. Niliigusa kwa kidole, ikatetema. Mtu angeruka tuta moja, gurudumu likashuka hewani, akakata kona, na breki za mbele zote zingekwisha.

Tangu siku hiyo hakuna kwodi inayotoka kwangu bila jaribio hili. Shokapu ifungwe bila springi. Pandisha gurudumu kwa jeki mpaka juu kabisa, lishushe mpaka chini kabisa, na kila mahali kata usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Tazama vitu vitatu. Paipu isivutike wala isisuguliwe. Shingo ya boljointi isigonge ukingo wa kikombe chake, maana ikigonga hapo ndipo itakapokatika. Na tairi lisijigeuze lenyewe: simamisha ubao pembeni mwa tairi, pima umbali wake mbele na nyuma ya tairi huku ukipandisha jeki. Vipimo vikipishana sana, tairodi haiendi sambamba na mikono, na usukani utakupokonya mikononi kila ukigonga shimo.

Hatua ya 8: Kunyoosha magurudumu

Rudisha springi, mpandaji akae juu na mavazi yake. Kwa mchanga naanza na kemba ya digrii 1 hadi 2, juu ya tairi ikiinamia ndani. Kisha tairodi: mbele ya matairi iwe imekaribiana kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6, ikipimwa kwenye usawa wa ekseli. Kaza bolti zote kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba za kitabu cha kwodi yako, weka alama ya rangi kwenye kila nati.

Panda nusu saa kwa mwendo wa wastani, rudi gereji. Alama ya rangi iliyosogea itakuonyesha nati iliyolegea. Ikaze, pima tairodi tena, pampu grisi mpaka ile ya zamani itoke pembeni mwa bushi.

Yule kijana hakupanda Ijumaa ile. Aliuza mikono ya +3 kwa mtu mwenye shokapu zake, akarudi na ya +2 yenye mahali pa kufungia shokapu palipososogezwa nje, na safari hii futi alikuja nayo mwenyewe.